Kadi za besiboli zenye sura ya zamani: jinsi ya kujua ipi ina bei na ipi ni karatasi tu

Kwenye maduka ya mitumba na minada ya uani huko Marekani, kadi za besiboli, yaani karatasi ngumu zenye picha na takwimu za mchezaji, huuzwa kwa boksi zima, kama mtu anavyouza vitabu vya shule vilivyokwisha muda. Ndani ya boksi hutoka kadi yenye rangi zilizopauka, jina la mchezaji limeandikwa kwa mtindo wa miaka ya 1950, karatasi haina mng'aro. Aliyesikia kwamba kadi ya nyota wa zamani Mickey Mantle ya mwaka 1952 iliuzwa dola milioni 12.6 mwezi wa Agosti 2022 huanza kutetemeka mikono.

Mara nyingi kadi hiyo imechapwa baada ya mwaka 2001. Kampuni ya Topps, iliyoanzia Brooklyn ikiuza ubani wa kutafuna, huchukua michoro yake ya zamani na kuweka ndani yake wachezaji wa leo. Kadi za namna hiyo huchapwa kwa wingi na nyingi hazifikishi dola moja, ila zipo chache zinazouzwa mamia ya dola, na zikilazwa mezani karibu zote zinafanana. Sura ya kizee haiongezi hata senti. Kinachotenganisha kadi ya senti 20 na ya dola 300 karibu kila mara kimeandikwa nyuma, kwa herufi ndogo, na kwa hiyo mwongozo huu unaanza kwa kugeuza kadi.

Andaa vitu hivi: rula yenye milimita, kioo cha kukuzia cha mara 10, taa nyeupe ya mezani, vijifuko laini vya plastiki na vibebeo vigumu vya plastiki vya ukubwa wa kawaida. Osha mikono na uikaushe kabisa. Usipake mafuta wala losheni kabla. Karatasi isiyo na mng'aro hunyonya mafuta na doa halitoki.

Hatua ya 1: Geuza kadi, soma mwaka

Shika kadi kwa kingo, igeuze, tafuta maandishi madogo kabisa ya chini. Kadi za Topps za miaka ya 1950 zina herufi T.C.G., yaani Topps Chewing Gum. Kadi za sasa zina jina la The Topps Company, mwaka wa hakimiliki, na mara nyingi anwani ya tovuti. Ukiona anwani ya tovuti, swali la ukale limekwisha. Hali ni hiyohiyo kwa nembo ya Ligi Kuu ya Besiboli, ile ya kivuli cheupe cha mpigaji kati ya bluu na nyekundu: nembo hiyo ilibuniwa mwaka 1968, kwa hiyo haiwezi kuwa kwenye kadi halisi ya 1952.

Mwaka wa takwimu nao husema. Kadi hutoka mwanzoni mwa msimu ikibeba takwimu za msimu uliopita. Mstari wa mwisho ukisema 2017, kadi ni ya 2018.

Hapa kuna makundi matatu ambayo wanaoanza huyachanganya. La kwanza ni kadi halisi ya zamani. La pili ni nakala iliyochapwa upya: mchezaji yuleyule na picha ileile, lakini imetolewa miaka mingi baadaye. Topps yenyewe ilichapa upya seti ya 1952 mwaka 1983, kadi 402 kati ya 407 za awali, na mwaka 1996 ikaweka kwenye pakiti nakala 19 za kadi za Mantle. Kundi la tatu ndilo tunalolishughulikia hapa: kadi mpya, mchezaji mpya, vazi la zamani.

Kundi la pili ndilo linaloleta vilio, na rula hukuokoa hapo. Kadi za Topps za 1952 hadi 1956 zilikuwa kubwa, takriban milimita 66.7 kwa 95.3. Kuanzia 1957 ukubwa ukashuka hadi 63.5 kwa 88.9, na ndio kipimo cha mpaka leo. Kadi ya "Mantle 1952" yenye upana wa milimita 63.5 ni nakala, hata muuzaji akiapa. Kadi za sigara za T206, zilizotolewa kati ya 1909 na 1911, ni ndogo zaidi: takriban 36.5 kwa 66.7.

Kipimo kikiwa sahihi bado si ushahidi kamili, kwa sababu waghushi nao wana rula. Chukua kioo cha kukuzia uangalie herufi za jina. Kwenye chapa ya asili ya miaka ya 1950, picha imejengwa kwa vitone lakini maandishi meusi yamejaa rangi, bila vitone. Aliyepiga picha kadi na kuichapa tena hupata vitone kila mahali, hata ndani ya herufi. Taa ya zambarau ya kukagulia noti nayo husaidia kwa kadi za T206: karatasi nyingi za kisasa zina kemikali ya kung'arisha zinazofanya ziwake kwa weupe wa samawati, na karatasi za mwanzo wa karne ya 20 haziwaki. Kwa kadi za 1952 usiitegemee taa hiyo peke yake.

Hatua ya 2: Jua ni toleo gani

Topps Heritage ndiyo familia kubwa. Ilianza 2001 kwa kuiga mchoro wa 1952, na kila mwaka inasogea mbele mwaka mmoja. Hesabu yake ni nyepesi: toa 49. Heritage ya 2012 ina mchoro wa 1963, ya 2018 ina wa 1969, ya 2020 ina wa 1971 wenye kingo nyeusi, ya 2024 ina wa 1975 wenye kingo za rangi mbili. Hivyo ukiona kadi ya mchezaji wa leo yenye fremu ya mfano wa ubao wa mti, hiyo ni sura ya 1962, yaani Heritage ya 2011.

Allen & Ginter ni familia ya pili. Kampuni ya sigara ya Richmond, Virginia, ilitoa kadi za mabingwa wa michezo mwaka 1887, na Topps ikalifufua jina hilo 2006. Humo hukutana na mpiga besiboli, bondia, mwanasayansi na mpishi katika boksi moja. Usishangae, na usizitupe zisizo za besiboli. Zina watafutaji wake.

Topps Archives huchanganya michoro ya miaka kadhaa ndani ya toleo moja. Gypsy Queen, iliyofufuliwa 2011, huiga nayo kadi za sigara za karne ya 19. Living Set, iliyoanza 2018, hutumia mchoro wa 1953 na huuzwa kwa namna yake: kila kadi inapatikana mtandaoni kwa siku chache tu, kisha kampuni hutangaza idadi iliyochapwa. Kadi nambari 7 ya Shohei Ohtani katika seti hiyo ilichapwa nakala 20,966. Kwa mnunuzi makini tarakimu kama hiyo ni neema, kwani kwa matoleo mengine idadi kamili ya kadi za kawaida haitangazwi.

Kuna kundi moja linalodanganya wengi: kadi za nyongeza ndani ya toleo kuu la Topps zinazoadhimisha mchoro wa miaka 35 iliyopita. Toleo la 2019 lina kadi zenye sura ya 1984, la 2021 zina sura ya 1986. Zinavutia na ni nyingi mno. Isipokuwa iwe na saini au nambari ya mfululizo, iweke kwenye lundo la senti.

Hatua ya 3: Mchezaji, na mwaka wake wa kwanza

Fedha nyingi ya soko hili hukimbilia kadi za mwaka wa kwanza wa mchezaji katika ligi kuu. Tangu 2006 kadi hizo zina alama ya herufi RC (rookie card, kadi ya mwaka wa kwanza) upande wa mbele. Kadi ya mchezaji huyohuyo ya mwaka wa pili, yenye sura ileile nzuri, mara nyingi huuzwa sehemu ndogo tu ya bei hiyo.

Katika Heritage kuna mtego. Kwa kuwa toleo linaiga la zamani kwa uaminifu, nalo huiga zile kadi za chipukizi zilizobeba wachezaji wawili, watatu au wanne kwenye kadi moja. Mwaka 1963 Pete Rose alianza hivyo, kichwa chake kikiwa kimoja kati ya vinne. Kadi ya Aaron Judge katika Heritage ya 2017, nambari 214, amegawana na Tyler Austin. Wengi hawapendi kugawana, kwa hiyo kadi ya namna hiyo hushuka chini ya kadi ya mchezaji huyohuyo akiwa peke yake katika toleo kuu. Shohei Ohtani hakukutwa na hilo: kadi yake ya mwaka wa kwanza katika Heritage, nambari 600 ya 2018, yuko peke yake, na iko kwenye sehemu ya pili ya toleo inayotoka baadaye katika mwaka. Sehemu hiyo huitwa High Number na nambari zake huanzia 501. Mtu anayekagua sehemu ya kwanza tu hataiona kamwe.

Usiegemee sana majina ya chipukizi wanaotajwa leo. Bei ya kijana ambaye bado hajacheza msimu mzima ni bei ya matumaini. Akiumia bega, kadi inashuka kabla hujafika posta.

Hatua ya 4: Uchache, na hapa tusiende haraka

Seti ya Heritage kwa kawaida ina kadi 500. Si zote zilizochapwa sawa. Kwa miaka mingi nambari 401 hadi 500 zimekuwa kadi haba, ambazo wauzaji huziandika SP (short print, chapa chache). Katika baadhi ya miaka ya nyuma kadi haba zilianzia 426. Kwa mbele hutaona tofauti yoyote, kwa hiyo geuza kadi usome nambari.

Uzito wa jambo hili unaonekana kwenye hesabu. Boksi la Heritage la madukani pa wakusanyaji limekuwa na pakiti 24 zenye kadi 9, jumla kadi 216. Kadi haba hutoka takriban moja kwa kila pakiti tatu, yaani 8 kwa boksi. Kama kadi haba ni 100, hata usipopata inayojirudia ungehitaji maboksi 12 na nusu. Na zitajirudia tu. Ndiyo maana mchezaji wa kawaida kabisa, ambaye kadi yake ya nambari 120 haina mnunuzi, akiwekwa nambari 470 huuzwa dola moja au zaidi kwa watu wanaotaka kukamilisha seti. Wakusanyaji wa seti ni wavumilivu na hununua polepole, lakini hununua.

Heritage ya 2001 ilianza mchezo huu kwa kuiga asili hadi kwenye kasoro. Seti ya 1952 ilikuwa na kadi 407, na zile za 311 hadi 407 zilitoka mwishoni mwa msimu na hazikuuzika. Kwa maelezo ya Sy Berger, aliyeshiriki kuibuni, masalia yalitupwa baharini Atlantiki mwaka 1960. Basi mwaka 2001 Topps ikafanya nambari hizohizo kuwa haba. Kadi 80 za kwanza za 1952 zilikuwa na migongo ya aina mbili, myekundu na mweusi. Nazo za 2001 zikachapwa hivyo.

Zaidi ya kadi haba kuna tofauti za makusudi: picha ya mchezaji akiwa kwenye mwendo badala ya kusimama, jina la utani badala ya jina rasmi, rangi ya jina iliyobadilishwa, makosa yaliyopandwa ili yafanane na makosa maarufu ya zamani. Heritage ya 2007, yenye mchoro wa 1958, ina kadi zenye maandishi ya njano kwa sababu seti ya 1958 ilikuwa nazo. Tofauti hizi hutoka mara chache sana, na nyingi hupita mikononi mwa watu bila kutambuliwa.

Namna ya kuzikamata ni hii. Panga kadi za toleo moja kifudifudi. Chini kabisa, mwishoni mwa maandishi ya hakimiliki, kadi za Topps za miaka ya karibuni zina msimbo mrefu wa herufi na tarakimu. Soma kwa kioo tarakimu mbili au tatu za mwisho. Kadi zote za kawaida za toleo hilo zitakuwa na mwisho mmoja. Ikitokea moja yenye mwisho tofauti, itoe pembeni, ilinganishe na orodha ya tofauti za toleo hilo mtandaoni. Linganisha kadi za sehemu moja ya toleo tu. Sehemu ya kwanza na High Number zina misimbo yake. Kadi 200 huchukua kama dakika arobaini, na macho yatauma, lakini hakuna njia nyingine ya kupata kadi ya dola 40 ndani ya lundo la dola 5.

Kisha kuna paraleli, yaani kadi ileile kwa rangi au karatasi nyingine. Nyingi zina nambari ya mfululizo iliyopigwa juu yake, mathalani 012/561, yaani nakala ya 12 kati ya 561. Katika Heritage nambari zenyewe hucheza na mwaka wa mchoro: mwaka 2010, ambao uliiga 1961, kadi za Chrome (zenye tabaka la plastiki linalong'aa) zilihesabiwa hadi 1961, za rifrakta (Chrome zinazometa rangi nyingi) hadi 561, zenye kingo nyeusi hadi 61. Nambari iliyo baada ya mkwaju ndiyo inayohusika na bei. Kuwa na nambari ya kwanza kabisa, 001, au nambari ya jezi ya mchezaji, huongeza kidogo kwa mnunuzi anayejali hayo, wengine hawajali.

Katika Allen & Ginter uchache unakaa kwenye kadi ndogo. Kila mchezaji ana kadi ya kawaida na kadi ndogo ya ukubwa wa kadi za sigara, na kadi hizo ndogo zina migongo tofauti. Mgongo wa kawaida ni wa bei rahisi; mgongo wenye tangazo la Allen & Ginter ni haba kiasi; ndogo yenye kingo nyeusi ni haba zaidi; ndogo isiyo na nambari nyuma ilichapwa 50 tu; na ile iliyochapwa juu ya mti ipo moja. Kutazama upande wa picha peke yake hakutoshi. Mtindo huu umetoka kwa T206 wenyewe, ambako mgongo wa Piedmont ndio wa kila siku na migongo ya chapa nyingine za sigara hupandisha kadi ileile mara nyingi.

Hatua ya 5: Saini

Saini za Heritage huitwa Real One. Huandikwa moja kwa moja juu ya kadi, kwa wino wa bluu. Zile za wino mwekundu zina nambari ya mfululizo inayofuata mwaka wa mchoro, kama 69 kwa toleo la 2018. Nyuma pana maneno ya kampuni kuthibitisha kwamba saini ni ya kweli. Kadi ya kawaida iliyosainiwa uwanjani haina maneno hayo; saini inaweza kuwa halali, lakini bila uthibitisho wa kampuni ya ukaguzi mnunuzi atalipa nusu au atapita.

Si kila saini ni mali. Heritage huwasainisha pia wazee waliokuwemo kwenye seti ya asili, na wengi wao walicheza misimu michache tu. Saini yao huuzwa kwa bei ya chakula cha mchana. Saini ya kijana wa mwaka wa kwanza aliyefanikiwa, kwa wino mwekundu, ndiyo inayopigiwa mbio.

Kadi za kudai, zile zinazosema "tuma msimbo huu upate saini", zina tarehe ya mwisho nyuma. Ikipita, usiinunue kwa bei yoyote ya maana.

Hatua ya 6: Hali ya kadi

Karatasi ya Heritage haina mng'aro na ni nene, kama ya zamani. Faida yake ni kwamba mikwaruzo midogo haionekani sana. Hasara ni kwamba pembe huchanua nyuzi nyeupe kwa kugongwa mara moja. Kadi za 2020 zenye kingo nyeusi ni balaa kwenye hili: kila kidonda kidogo ukingoni huonekana cheupe, na nyingi hutoka pakitini tayari zimejeruhiwa. Fremu ya mti ya 2011 na kingo za rangi za 2024 nazo humeguka kwa urahisi.

Kagua kwa mpangilio, chini ya taa, kadi ikiwa juu ya kitambaa cheusi.

Anza na ulinganifu wa kingo. Pima upana wa ukingo wa kushoto na wa kulia. Kushoto 3.0 na kulia 2.4 ni jumla 5.4, gawa 3.0 kwa 5.4 upate takriban asilimia 56, yaani 56/44. Fanya hivyo juu na chini pia. Gredi ya 10, alama ya juu kabisa ya kampuni ya ukaguzi ya PSA, hutaka mbele isizidi takriban 55/45. Michoro ya miaka ya 1950 na 1960 yenye kingo pana nyeupe haina huruma hapa, kwani mtelezo wa nusu milimita unaonekana kwa macho.

Pembe zote nne zitazame kwa kioo, mbele na nyuma. Kisha kingo. Kisha inamisha kadi polepole chini ya taa: mkunjo mwembamba ambao hauonekani ukiitazama wima huangaza kama uzi. Mkunjo mmoja huishusha kadi hadi gredi za chini kabisa hata kama mengine yote ni safi.

Kadi za Chrome hujipinda. Ni tofauti ya unyevu kati ya tabaka la plastiki na la karatasi; upindo mdogo hurudi kadi ikikaa kwenye kibebeo kigumu kwa wiki kadhaa. Usiiweke chini ya vitabu vizito wala usipige pasi.

Usisafishe kadi ya karatasi tupu kwa kitambaa chenye maji. Usikate ukingo uliochakaa. Kampuni za ukaguzi hupima, na kadi iliyokatwa hurudishwa bila gredi.

Hatua ya 7: Tafuta bei ya kweli

Bei inayoombwa na muuzaji ni ndoto yake. Tazama zilizouzwa. Kwenye eBay fungua kichujio cha bidhaa zilizouzwa, andika mwaka, toleo, jina, nambari ya kadi, na neno la tofauti kama ipo: "2018 Topps Heritage Ohtani 600". Ondoa kwenye hesabu kadi zenye gredi kama yako haina. Chukua mauzo matano ya mwisho, tupa la juu kabisa na la chini kabisa, wastani wa matatu yaliyobaki ndio bei yako. Kama hakuna mauzo matano katika miezi mitatu, kadi yako haina soko la haraka, hata ikiwa haba.

Soma picha za kila mauzo. Wauzaji wengi huandika SP kwenye kadi ya kawaida, wengine kwa kutojua. Na mauzo ya msimu yana mkondo wake: besiboli huanza mwishoni mwa Machi na kumalizika kati ya Oktoba na Novemba, na kadi za wachezaji wanaocheza huelekea kuwa na wanunuzi wengi timu zikiwa uwanjani kuliko wakati wa theluji.

Hatua ya 8: Je, uipeleke kupewa gredi?

Kampuni zinazotajwa zaidi ni PSA, iliyoanza 1991, SGC, na Beckett. Hukagua, huipa kadi alama ya 1 hadi 10, huifunga ndani ya kasha la plastiki. Watu huzipeleka kwa hisia. Piga hesabu kwanza.

Tuchukue mfano. Kadi isiyo na gredi inauzwa dola 30, yenye gredi 9 dola 35, yenye gredi 10 dola 120. Gharama ya gredi pamoja na posta ni dola 35, na mauzo yanakatwa asilimia 13. Ukiuza ilivyo unabaki na 26.10. Ukipata 9 unabaki na 30.45, toa 35, umepoteza 4.55 na kadi imeondoka. Ukipata 10 unabaki na 104.40, toa 35, ni 69.40. Ili njia ya gredi ilingane na kuuza ilivyo, lazima upate 10 kwa zaidi ya kadi 4 katika kila 10 unazotuma. PSA huonyesha bure mtandaoni ni kadi ngapi za kila nambari zimepata gredi ipi. Gawa idadi ya 10 kwa jumla. Ikiwa asilimia ni 25, acha. Ikiwa ni 70, kumbuka kwamba waliotuma walikwisha kuchagua zilizo safi, na 10 ni nyingi mno kiasi kwamba bei yake inaendelea kushuka.

Kadi ambayo gredi 9 yake haizidi bei ya isiyo na gredi ni kamari. Kadi za kisasa nyingi ziko hapo.

Hatua ya 9: Kuhifadhi na kutuma

Kadi huingia kwanza kwenye kijifuko laini, kisha kwenye kibebeo kigumu. Ukiiweka moja kwa moja kwenye kibebeo kigumu, kingo zitakwaruzwa. Kadi ndogo za Allen & Ginter zinahitaji vijifuko vya ukubwa wake; kwenye kijifuko kikubwa hucheza na kugonga pembe. Chagua plastiki ya polipropilini. Zile kurasa laini za PVC za zamani, zenye harufu kali, hutoa kemikali inayoganda juu ya rangi.

Unyevu wa asilimia 40 hadi 50 na joto la nyuzi 18 hadi 21 ndio unaofaa. Anayezipeleka nyumbani Mombasa, Tanga au Unguja ajue hewa ya pwani iko mbali na hapo. Weka kadi kwenye kasha la plastiki lenye mpira wa kubana, tia ndani vifurushi vya silika na kipima unyevu kidogo. Silika ya kubadilika rangi ikichoka, itandaze ndani ya oveni kwa takriban nyuzi 120 kwa saa mbili au tatu, ipoe, irudishe. Usiziweke kabati linaloegemea ukuta wa nje. Ukungu huanzia hapo.

Kwa posta, funika mdomo wa kibebeo kigumu kwa utepe wa rangi wa mafundi rangi, ukikunja ncha moja ili mpokeaji aivute kwa vidole. Utepe wa kawaida wa ofisini huacha gundi, na mtu akitumia kisu kuutoa atakata kadi. Bana kibebeo kati ya vipande viwili vya kadibodi vilivyo kikubwa kidogo kuliko chenyewe, kisha bahasha yenye mapovu. Unapotuma PSA, tumia vibebeo laini-nusu vinavyopendekezwa na kampuni, si vile vigumu.

Kuhusu maboksi yaliyofungwa

Boksi jipya la Heritage likifunguliwa, kwa kawaida kadi za ndani zikiuzwa moja moja hazirudishi bei ya boksi. Yule anayepata saini kubwa analipiwa na wengine wengi. Ukitaka kadi fulani, nunua hiyo kadi. Pakiti moja moja zilizotolewa kwenye boksi na kuuzwa na mtu binafsi ziepuke: pakiti yenye kadi iliyobandikwa kipande cha jezi ya mchezaji ni nene, na wapo wanaozibonyeza na kuzipima kwenye mizani ya dhahabu, wakakuuzia zilizobaki. Kwenye boksi zima angalia plastiki ya nje. Ya kiwandani ya Topps ina nembo ya kampuni na mshono ulionyooka. Iliyofungwa upya kwa mashine ya joto ya nyumbani huwa laini bila nembo, na pembe zake zina mabaki ya plastiki yaliyojikunja.